Ukumbi, Nyundo na Theluthi Mbili: Jinsi Vyama vya Marekani Vilivyopata Wagombea Urais Mwanzoni mwa Karne ya 20

Kati ya Machi na Juni 1912, wafuasi wa Chama cha Republican katika majimbo kadhaa ya Marekani walifanya jambo lililokuwa geni kabisa: walipiga kura wenyewe kusema wanamtaka nani awanie urais kwa tiketi ya chama chao. Theodore Roosevelt, rais wa zamani, alipata zaidi ya kura milioni 1.1. William Howard Taft, rais aliyekuwa Ikulu, alipata 760,000 hivi. Seneta Robert La Follette wa Wisconsin aliambulia 350,000. Roosevelt alimbwaga Taft hata Ohio, nyumbani kwao Taft. Muda mfupi baadaye mkutano mkuu wa chama uliketi Chicago, na aliyetoka na tiketi alikuwa Taft.

Siku tatu baada ya mkutano huo kufungwa, Wademocrat wakaanza wa kwao Baltimore. Champ Clark, Spika wa Baraza la Wawakilishi, alivuka nusu ya kura zote katika duru ya kumi ya kupiga kura. Hata hivyo aliyetangazwa kuwa mgombea mwishoni alikuwa Woodrow Wilson, gavana wa New Jersey, ambaye Machi 1913 aliapishwa kuwa rais wa nchi.

Ni rahisi kusema kwamba Roosevelt aliibiwa na Clark akasalitiwa, na wenyewe wawili walilalamika hivyo kwa miaka mingi. Naona maelezo hayo yanaficha jambo kubwa zaidi. Katika mikutano ile mshindi hakupatikana siku ya kura ya uteuzi. Alipatikana mapema, pale ilipoamuliwa nani ana haki ya kuketi ukumbini, nani atashika nyundo ya mwenyekiti, na kura ngapi zinatosha kumpitisha mtu. Aliyeyadhibiti hayo matatu aliweza kuwaacha wapinzani wake wahutubie usiku kucha.

Wajumbe walitoka wapi

Katiba ya Marekani haisemi lolote kuhusu vyama wala namna vinavyopata wagombea. Hadi 1824 kazi hiyo ilifanywa hasa na wabunge wa chama waliojifungia faragha na kukubaliana jina. Utaratibu huo ulipochukiwa, vyama vikaanza kuita mikutano mikuu ya wajumbe kutoka majimbo yote. Ya kwanza ilifanyika Baltimore mwaka 1831 na 1832. Kwa wakati wake ilikuwa hatua ya kuwakaribia wananchi, na haifai kuibeza.

Baada ya miaka 70, njia ya mjumbe ilikuwa hivi: wanachama wa mtaani walikutana na kuchagua wa kuwawakilisha wilayani, wa wilayani wakachagua wa jimbo, na wa jimbo wakachagua wa taifa. Kila ngazi ilikuwa na mwenyewe. Katika jiji la New York, Wademocrat waliongozwa na jumuiya ya Tammany Hall chini ya Charles Murphy, mtu ambaye neno lake lilitosha kuwahamisha wajumbe wa jimbo zima kutoka kwa mgombea mmoja kwenda kwa mwingine. Sarafu ya biashara hiyo ilikuwa vyeo. Serikali ya shirikisho iliajiri wakuu wa posta, watoza ushuru wa forodha na maofisa wengine kila kona ya nchi, na walioteuliwa walijua nani wa kumshukuru.

Wagombea wenyewe hawakuonekana mkutanoni. Desturi ilimtaka mgombea akae nyumbani kama asiye na haja na madaraka, kisha baada ya majuma kadhaa ujumbe wa chama umfuate kumjulisha rasmi habari ambazo alikwisha zipata kwa simu ya maandishi dakika ileile. Mwaka 1912 Taft alibaki Washington. Wilson alikuwa Sea Girt, ufukweni New Jersey. Roosevelt alivunja desturi na kupanda treni kwenda Chicago, na jambo hilo pekee liliwashtua wengi.

Kura za mchujo zilikuja kama jibu la wanamageuzi kwa vigogo. Wisconsin ya La Follette ilipitisha sheria ya kuwachagua wajumbe kwa kura za wananchi mwaka 1905. Oregon mwaka 1910 ikawa ya kwanza kuwaruhusu wapiga kura kutaja moja kwa moja jina la wanayemtaka kuwa rais. Kufikia masika ya 1912 majimbo yaliyofuata njia hiyo yalikuwa kama kumi na mawili, yakianzia North Dakota mwezi Machi. Kwa hiyo zile kura milioni moja za Roosevelt zilihusu takriban theluthi moja tu ya wajumbe wa Chicago. Waliobaki walipatikana kwa njia ya zamani.

Mississippi na Iowa

Hapa ndipo hesabu inapouma. Chama cha Republican kiligawa wajumbe kwa kulipa kila jimbo mara mbili ya idadi ya wawakilishi na maseneta wake, bila kuangalia kama jimbo hilo linakipigia chama kura au la. Mississippi ilipata wajumbe 20. Katika uchaguzi mkuu wa 1908 Taft alipata huko kura zipatazo 4,400. Iowa, ngome ya Republican, ilipata wajumbe 26, na mwaka huohuo Taft alivuna humo kura 275,000 hivi. Ukigawanya, mjumbe mmoja wa Mississippi alisimama kwa niaba ya wapiga kura 220, na wa Iowa kwa niaba ya zaidi ya 10,000.

Sababu ya kura chache za Kusini haikuwa uvivu wa watu. Tangu miaka ya 1890 majimbo ya Kusini yalikuwa yamewafungia Wamarekani Weusi nje ya vituo vya kura kwa kodi ya kura, mitihani ya kusoma na vitisho vya wazi. Chama cha Republican, chama cha Abraham Lincoln, kilikuwa chama chao. Walipozuiwa kupiga kura, chama kilibaki pale kama mifupa: kamati ya jimbo, wakuu wa posta, na kiti katika mkutano mkuu kila baada ya miaka minne. Wako waandishi waliowadhihaki wajumbe hao kwamba walikuja kuuza kura. Sikubaliani na dharau hiyo. Kwa mwanasiasa Mweusi wa Alabama au Georgia mwaka 1912, ukumbi wa mkutano mkuu ulikuwa miongoni mwa mahali pachache mno katika siasa za taifa ambapo jina lake bado lilisomwa na kura yake ikahesabiwa. Waliompa ajira ndio hao hao waliomnyang'anya uhuru wa kuitumia kura hiyo atakavyo.

Rais aliyekuwa madarakani, ambaye ndiye mgawaji wa ajira hizo, alianza kila shindano akiwa na wajumbe wa Kusini mfukoni. Roosevelt alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Wajumbe hao walikuwa nguzo yake mwaka 1904. Mwaka 1908, alipotaka Taft amrithi, lilikuja ukumbini pendekezo la kupunguza wajumbe wa majimbo yasiyokipigia chama kura. Likaangushwa kwa kura 506 dhidi ya 471, na walioliangusha walikuwa watu wa upande wa Roosevelt na Taft. Laiti lingepita, mkutano wa 1912 ungekuwa na sura nyingine kabisa.

Mrithi na aliyemrithisha

Roosevelt alipomkabidhi Taft nchi Machi 1909, alikusudia kujitenga ili asimwekee kivuli. Akaja kwetu. Mwezi Aprili alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, akapanda reli ya Uganda akiwa ameketi kwenye benchi mbele ya injini, na kwa miezi kadhaa akazunguka nyika za Kenya ya leo akiwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Wapagazi wakamwita Bwana Mkubwa. Safari ilipita Uganda, ikafuata Nile, ikaishia Khartoum Machi 1910.

Alipokuwa huku, mambo ya kwao yaliharibika. Januari 1910 Taft alimfukuza kazi Gifford Pinchot, mkuu wa idara ya misitu na rafiki wa karibu wa Roosevelt, baada ya Pinchot kumshutumu hadharani waziri wa mambo ya ndani kuhusu ardhi ya umma. Habari hizo zilimkuta Roosevelt maeneo ya Nile ya juu. Aliporudi New York Juni 1910 alikuta chama kimegawanyika kati ya wanamageuzi na wahafidhina, na kila upande ukimtazama yeye. Agosti mwaka huo, huko Osawatomie, Kansas, alitoa hotuba iliyomweka waziwazi upande wa mageuzi. Kilichokata kamba kabisa kilikuja Oktoba 1911, serikali ya Taft ilipolishtaki shirika la chuma la U.S. Steel, na hati ya mashtaka ikataja ununuzi wa kampuni moja ambao Roosevelt mwenyewe aliuridhia akiwa rais mwaka 1907. Alijiona ameitwa mjinga au mshiriki wa hila. Februari 1912 akatangaza kwamba anaingia ulingoni.

Chicago, Juni 1912

Wajumbe walikuwa 1,078, na mshindi alihitaji 540. Viti 254 viligombaniwa: makundi mawili, wakati mwingine zaidi, yalikuja kutoka sehemu moja, kila moja likidai kuwa ndilo halali. Kwa kanuni za chama, wa kwanza kuamua alikuwa Kamati ya Taifa, iliyoketi kabla ya mkutano. Ikampa Taft viti 235 na Roosevelt 19.

Ukisoma takwimu hiyo peke yake utapandisha hasira, na ndivyo Roosevelt alivyotaka isomwe. Ukweli una pande mbili. Malalamiko mengi ya watu wake, hasa ya Kusini, yalifunguliwa mapema ili hesabu za magazeti zisimwonyeshe Taft akiwa mbali mbele. Hata gazeti la Washington lililomilikiwa na Frank Munsey, mfuasi wake mkubwa, lilikiri hivyo. Mengi yalitupwa na watu wake mwenyewe yakiwa hayana msingi. Lakini lilibaki fungu la viti kadhaa ambavyo madai yake yalikuwa na uzito, na katika shindano lililokaribiana hivyo, fungu hilo lilitosha kumzuia Taft.

Kesi ya California inaeleza mgogoro wote. Sheria ya jimbo hilo ilisema mshindi wa kura za mchujo katika jimbo zima anachukua wajumbe wote 26. Roosevelt alishinda kwa tofauti kubwa. Hata hivyo katika wilaya moja ya San Francisco Taft aliongoza kidogo, na wito rasmi wa chama ulisema kila wilaya ichague wajumbe wake wawili. Kamati ya Taifa ikampa Taft hao wawili. Je, sheria iliyotungwa na bunge la jimbo ina nguvu juu ya kanuni za chama cha taifa? Swali hilo lilipofika mbele ya mkutano mzima, Taft alishinda kwa 542 dhidi ya 529. Tofauti ilikuwa kura 13, huku wajumbe wa Taft zaidi ya 70 ambao uhalali wao ulikuwa ukipingwa wakiwa wamo ukumbini na wakipiga kura.

Waliruhusiwa kwa uamuzi wa mwenyekiti. Ndiyo maana kura muhimu kuliko zote mjini Chicago ilipigwa siku ya kwanza kabisa, Juni 18, ya kumchagua mwenyekiti wa muda. Upande wa Taft ulimweka Elihu Root, seneta wa New York, aliyewahi kuwa waziri wa Roosevelt wa vita na kisha wa mambo ya nje. Upande wa Roosevelt ulimweka Gavana Francis McGovern wa Wisconsin, ukitumaini kuwavuta watu wa La Follette. La Follette, aliyemwona Roosevelt kuwa ameliteka vuguvugu lake, hakukubali. Root akapata 558, McGovern 502. Kisha Root akatoa tafsiri iliyomaliza mchezo: mjumbe anayepingwa haruhusiwi kupiga kura juu ya kiti chake mwenyewe, ila juu ya viti vya wenzake anaruhusiwa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema vinginevyo kundi lolote dogo lingeweza kupinga viti vingi, likawatoa wapinzani wake nje, kisha likautawala mkutano. Lakini matokeo yake ni kwamba watuhumiwa walihukumiana wao kwa wao.

Jukwaani, chini ya vitambaa vya rangi za bendera, palifungwa seng'enge ili mtu asilipande kwa nguvu. Watu wa Roosevelt walisugua vipande vya msasa na kupiga miluzi kuiga mashine ya mvuke ya kushindilia barabara, wakimaanisha kwamba chama kinawapitia juu. Lawama hiyo ya mashine ilikuwa imeanza 1908, Kamati ya Taifa ilipotupilia mbali malalamiko ya wapinzani wa Taft. Roosevelt wakati huo hakuona ubaya. Na Kamati iliyomnyima viti 1912 ilikuwa ileile iliyoundwa katika mkutano wa 1908, yeye akiwa kiongozi wa chama.

Taft akateuliwa kwa kura 561. Roosevelt alipewa 107, na wajumbe wake zaidi ya 340 walikaa kimya jina lao lilipoitwa, wakakubali tu kwamba wapo. Agosti walirudi mjini humohumo kuunda chama kipya, Progressive. Jane Addams, mtetezi wa maskini wa Chicago, alisimama kuunga mkono uteuzi wa Roosevelt, jambo adimu sana kwa mwanamke katika siasa za wakati ule. Chama kilitaka wanawake wapige kura, watoto waondolewe viwandani, wafanyakazi walindwe. Lakini wajumbe Weusi kutoka majimbo ya Kusini walikataliwa mlangoni, kwa sera ya Roosevelt mwenyewe aliyetumaini kuwavuta Wazungu wa huko. Ibara iliyoandikwa na W.E.B. Du Bois kudai haki za raia Weusi iliachwa nje. Katika mwaka uliosifiwa kwa kurudisha sauti kwa wananchi, hili ndilo linalonisikitisha zaidi.

Baltimore, na ukuta wa theluthi mbili

Wademocrat walikuwa na kanuni mbili ambazo Warepublican hawakuwa nazo. Ya kwanza iliruhusu jimbo kuwafunga wajumbe wake wote wapige kura kwa pamoja, kufuata waliokuwa wengi kati yao. Ya pili, tangu 1832, ilisema mgombea lazima apate theluthi mbili. Mwaka 1912 hiyo ilikuwa kura 726 kati ya 1,088. (Utakutana na nusu za kura katika hesabu hizi. Majimbo mengine yalileta wajumbe wengi kuliko kura zao, wakagawana.)

Theluthi mbili ilikuwa ngao ya Kusini. Majimbo hayo peke yake yasingeweza kumpitisha mtu wao, lakini yalikuwa na idadi ya kutosha kumzuia yeyote wasiyemtaka. Mwathirika wa kwanza mkubwa alikuwa Martin Van Buren mwaka 1844, mjini humohumo Baltimore: alikuwa na zaidi ya nusu tangu duru ya kwanza, akaangushwa na suala la kuiunganisha Texas na Marekani. Tangu hapo kila aliyevuka nusu aliishia kuteuliwa, hivi kwamba wengi walidhani ukuta ule umebaki wa mapambo.

Duru ya kwanza Clark alipata 440½ na Wilson 324. Gavana Judson Harmon wa Ohio alikuwa na 148, na Oscar Underwood wa Alabama 117½. Katika duru ya kumi Charles Murphy alizihamisha kura zote 90 za New York kutoka kwa Harmon kwenda kwa Clark. Clark akafika 556, na wafuasi wake wakaandamana ukumbini wakiamini kazi imekwisha.

Haikuisha. Katika duru ya 14 alisimama William Jennings Bryan, aliyekuwa mgombea wa chama mara tatu, 1896, 1900 na 1908, na kushindwa zote. Alikuwa mjumbe wa Nebraska na alikuwa amefungwa kumpigia Clark. Mwanzoni mwa mkutano alikuwa amepitisha azimio la kulaani mgombea yeyote aliye chini ya miliki ya matajiri wakubwa, akiwataja kwa majina J. Pierpont Morgan, Thomas Fortune Ryan na August Belmont. Ryan na Belmont walikuwa wameketi humo ukumbini kama wajumbe. Sasa akasema hawezi kumpa kura Clark maadamu New York ya Murphy inamuunga mkono, akahamia kwa Wilson.

Masimulizi mengi yanaishia hapo: Bryan alizungumza, Clark akaanguka, Wilson akapanda. Ukifuata hesabu ya duru baada ya duru utaona kasi ndogo sana. Wilson alimpita Clark katika duru ya 30 tu, kwa 460 dhidi ya 455. Kilichomzuia Clark hasa kilikuwa ukimya wa watu wa Underwood. Wajumbe hao wa Kusini, zaidi ya 100, hawakumfuata alipovuka nusu. Wangehama siku ile, hotuba ya Bryan isingemwokoa mtu. Mameneja wa Wilson, William McCombs na William McAdoo, walifanya kazi ya kuwazuia, wakiwaahidi kwamba Wilson akianguka, watu wake watamwangalia Underwood. Baada ya duru ya kumi McCombs alikwisha kata tamaa, na Wilson mwenyewe alikuwa tayari kuwaachia wajumbe wake. McAdoo ndiye aliyemsihi asifanye hivyo. Kisha Indiana ikaja, na gavana wake, Thomas Marshall, akaishia kuwa mgombea mwenza. Roger Sullivan, kigogo wa Illinois, aliwahamisha wajumbe wake katika duru ya 43. Katika duru ya 46, Julai 2, Wilson alipata 990. Alipitishwa na vigogo walewale ambao mashabiki wake walisema wamewashinda.

Novemba Wilson alipata asilimia 41.8 ya kura za wananchi, Roosevelt 27.4, Taft 23.2, na Eugene Debs wa Chama cha Kisoshalisti 6 hivi. Katika Baraza la Wachaguzi, ambalo ndilo linalomchagua rais rasmi, Wilson alipata 435, Roosevelt 88 na Taft 8. Taft alishinda Utah na Vermont tu.

Mageuzi yaliyokwama

Mtu angetarajia kwamba baada ya fedheha ya Chicago kura za mchujo zingeenea nchi nzima. Ziliongezeka kwa uchaguzi mmoja, kisha zikarudi nyuma. Zilikuwa ghali, watu walijitokeza wachache, na katika majimbo mengi hazikumfunga mjumbe kisheria. Republican walirekebisha kitu kimoja: kwa ajili ya 1916 walipunguza wajumbe wa wilaya za Kusini zenye kura chache za chama. Mwaka huo walimteua Charles Evans Hughes, jaji wa Mahakama Kuu, ambaye hakufanya kampeni hata kidogo ya kutafuta uteuzi.

Mwaka 1920 Jenerali Leonard Wood alikuja Chicago akiongoza kwa wajumbe, lakini kamati ya Seneti ilikuwa imefichua kwamba kampeni yake ilitumia karibu dola milioni 1.8, fedha za kutisha kwa wakati ule. Yeye na Gavana Frank Lowden wa Illinois wakazuiana. Baada ya mazungumzo ya usiku katika hoteli ya Blackstone, akapanda Warren Harding, seneta wa Ohio, akateuliwa katika duru ya kumi. Katika kura za mchujo Harding alikuwa ameshinda kwao tu, na kwa shida. Hadithi ya maseneta wachache waliomtengeneza rais katika chumba kilichojaa moshi wa sigara imekuzwa. Harding alikuwa chaguo la pili la wajumbe wengi, na meneja wake, Harry Daugherty, alijenga mkakati mzima juu ya hilo. Tena siku ileile wajumbe waliwakaidi maseneta hao: walipoletewa Irvine Lenroot awe mgombea mwenza, mjumbe mmoja wa Oregon alilipaza jina la Calvin Coolidge, gavana wa Massachusetts, na ukumbi ukaripuka. Harding alipofariki Agosti 1923, Coolidge ndiye aliyekuwa rais.

Ukuta wa theluthi mbili ulileta maafa yake makubwa zaidi New York mwaka 1924. McAdoo, mtu wa Waprotestanti wa vijijini waliounga mkono marufuku ya pombe, alipambana na Al Smith, gavana wa New York, Mkatoliki wa mjini aliyeipinga. Pendekezo la kulilaani kwa jina Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, lilishindwa kwa takriban kura moja kati ya zaidi ya elfu. Baada ya hapo hakuna upande ulioweza kuukubali mwingine. Nchi nzima ilisikiliza kwa redio, siku baada ya siku, Alabama ikitoa kura zake 24 kwa Underwood. Duru ya 103 ilimpitisha John W. Davis, mwanasheria ambaye hakuna aliyekuja kwa ajili yake, na Novemba alipata asilimia 28.8.

Kijana aliyesimama kumnadi Smith mwaka ule alikuwa Franklin Roosevelt, ndugu wa mbali wa Theodore, ambaye mwaka 1912 alikuwa Baltimore akimpigania Wilson. Mwaka 1932 ilikuwa zamu yake. Alivuka nusu tangu duru ya kwanza, akakwama, na nusura yamkute ya Clark, hadi Texas na California zilipoletwa kwake katika duru ya nne na John Nance Garner wa Texas akapewa umakamu. Akapanda ndege kwenda Chicago kuupokea uteuzi mwenyewe ukumbini, na desturi ya kungoja nyumbani ikaanza kufa.

Miaka minne baadaye, Philadelphia, Roosevelt akiwa rais asiye na mpinzani ndani ya chama, kanuni ya theluthi mbili ilifutwa. Aliyeongoza kamati ya kanuni na kuileta hoja hiyo mkutanoni alikuwa Seneta Bennett Champ Clark wa Missouri, mwana wa yule Spika. Wajumbe wa Kusini walipoteza ngao waliyokuwa nayo kwa zaidi ya miaka mia moja, na tangu siku hiyo anayepata zaidi ya nusu ya kura za wajumbe wa Democrat ndiye mgombea.